Jinsi ya kutengeneza tanghulu nyumbani bila sukari kunata menoni

Kama umewahi kupika shira ya kaimati, nusu ya kazi ya tanghulu, yale matunda ya kijitini yaliyovikwa gamba la sukari, unaijua tayari. Nusu iliyobaki ni subira ya kuiacha shira hiyo motoni hata pale mkono unapokuwasha kuiepua. Tanghulu haitaki shira nzito, inataka sukari iliyokwisha kufukuzwa maji karibu yote. Ukiepua mapema, tunda linatoka limepakwa kitu kinachonata na kuvuta meno. Ukiepua wakati wake, linatoka na gamba jembamba, kavu, linalong'aa, na ukiling'ata linavunjika kwa mlio huku tunda la ndani likiwa bado bichi na lina maji yake.

Wengi wetu tumeijua tanghulu kwa video za simu, tukadhani ni jambo jipya la stroberi na zabibu. Huko Beijing na Tianjin, kaskazini mwa China, ni kitafunwa cha zamani cha majira ya baridi. Muuzaji wa jadi hubeba mti uliofungwa bunda la majani makavu juu yake, na vijiti vyekundu vimechomekwa humo pande zote. Tunda la asili linaitwa shanzha: dogo, jekundu, lina vidoadoa vyeupe, nyama yake ni ya unga-unga, na uchachu wake unakunja uso. Kuna hadithi maarufu kwamba kipenzi cha mfalme Guangzong wa enzi ya Song, aliyetawala kuanzia 1189 hadi 1194, aliugua akakosa hamu ya kula, na tabibu akaagiza apewe shanzha zilizopikwa na sukari kabla ya kila mlo. Hiyo ichukue kama hadithi. La hakika ni kwamba kufikia mwisho wa enzi ya Qing, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa Beijing walikuwa tayari wanatunga vijitini zabibu, matufaha madogo ya porini, hata vijiazi vidogo vinavyoota kwenye mtambaa wa kiazi kikuu. Kwa hiyo ukitumia zabibu hujavunja mila ya mtu.

Nimeanza na shanzha kwa sababu inakufundisha kuchagua. Ina ganda zima lisilotoa maji, na ni chachu. Tunda tamu ndani ya sukari ni utamu juu ya utamu, unachoka kwenye la pili. Uchachu ndio unaofanya ukamilishe kijiti na kutaka kingine.

Matunda gani

Kanuni yangu ni moja: tunda lisikatwe. Likishakatwa, linatoa maji, na sukari hailishiki tunda lenye maji.

Zabibu ngumu zisizo na kokwa ndizo rahisi kuliko zote, na mtu anayejaribu mara ya kwanza aanze nazo. Chagua zenye ugwadu kidogo. Stroberi ni nzuri zikiwa ngumu. Ng'oa majani kwa vidole bila kukata kichwa cha tunda. Nyanya ndogo za duara, zile za saladi, huenda zikakushangaza, lakini Wachina huzitumia sana na zina chumvi-chumvi inayopendeza chini ya sukari. Chenza hufaa zikimenywa na kutenganishwa vipande, ile ngozi nyembamba ya kila kipande ikibaki nzima. Toa nyuzi nyeupe zote, kisha acha vipande vikae wazi saa nzima mpaka ukivigusa usisikie unyevu.

Ukiwa pwani, jaribu kunazi. Ni ndogo, ngumu, chachu, nyama yake ni ya unga, na kati ya matunda ya kwetu sijaona linaloikaribia shanzha kuliko hilo. Kokwa yake ibaki ndani, ila waambie walaji mapema. Zambarau nazo zinakubali, mradi zisiwe zimeiva hadi kupasuka.

Nanasi, papai, tikiti na embe mbivu, achana navyo. Utaona video za watu wakivifanikisha, lakini vinaliwa sekunde ile ile mbele ya kamera. Dakika chache baadaye maji ya tunda yanaliyeyusha gamba kutokea ndani, na kijiti chote kinadondoka shira.

Shanzha yenyewe utaipata katika maduka ya vyakula vya Kichina ikiwa vipande vilivyokaushwa kwa ajili ya kuchemshia chai. Hivyo havitungiki kijitini. Ukibahatika kuipata ikiwa nzima na mbichi, zungushia kisu kiunoni, ifungue, toa kokwa kwa ncha ya kisu, kisha ukitaka jaza katikati maharage mekundu yaliyopikwa na kupondwa na sukari, kama wafanyavyo Beijing, halafu rudisha nusu mbili pamoja.

Kukausha ni kazi, isiharakishwe

Osha matunda, yatandaze juu ya kitambaa safi cha pamba, na ufute moja moja. Moja moja kweli, hasa pale kikonyo kilipokuwa, maana ndipo tone la maji hujificha. Kisha yaache yapigwe na feni kwa nusu saa.

Kuna mtego hapa kwa wanaoishi Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar. Maelekezo mengi yanasema matunda yatoke kwenye friji yakiwa baridi ili sukari igande upesi. Kwenye baridi kavu ya Beijing hilo halina tatizo. Kwetu, zabibu iliyotoka kwenye friji inatoa jasho kabla hujamaliza kuitunga, na unyevu huo ndio unaofanya gamba lichubuke kama ngozi ya nyoka. Yatoe mapema, yakae mpaka yapoteze ubaridi, ndipo uyafute.

Tunga kwa vijiti vya mishkaki, matunda manne au matano kwa kijiti, yakigusana ili shira isijae katikati na kufanya bonge. Ncha kali isitokeze juu, iishie ndani ya tunda la mwisho. Acha mkono wa kushikia wa kutosha, kwani utakuwa unashika juu ya sukari yenye joto la kutisha. Ukimaliza kutunga, futa tena pale kijiti kilipoingilia, maana tundu hutoa majimaji.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuwasha moto

Sukari ikishafika, haikusubiri utafute karatasi kabatini. Kwa hiyo weka tayari:

- sukari nyeupe vikombe 2
- maji kikombe 1
- maji ya ndimu nusu kijiko cha chai
- sufuria ndogo yenye kitako kizito
- sinia lililopakwa mafuta kidogo sana, au lililotandikwa karatasi ya kuokea
- bakuli la maji baridi yenye barafu
- kitambaa kilicholowa, kimekunjwa, cha kuwekea sufuria ukiiepua

Wachina hupenda sukari ya mawe, ile ya vipande vikubwa vinavyong'aa, kwa kuwa inatoa gamba angavu. Sukari nyeupe ya kawaida inafanya kazi ile ile. Ila sukari yenye rangi ya kahawia hafifu, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, ina mambo yake. Inapikika, lakini shira yake ina rangi tangu mwanzo, hivyo huwezi kupima kwa macho kama imeiva, inaungua upesi zaidi, na gamba lake huvuta unyevu haraka. Ukiwa na hiyo tu, itumie, lakini amini kipimo cha maji baridi nitakachoeleza, usiamini rangi.

Ndimu si ya ladha. Wapika shira wa pwani wanaitia kwa sababu hiyo hiyo: inaivunja sehemu ya sukari na kuizuia isirudi kuwa chenga. Usizidishe, kwani sukari iliyovunjwa sana hunyonya unyevu wa hewani. Na iliki, tafadhali, iache pembeni leo, hata kama mkono unaizoea. Kila punje ya unga ndani ya shira ni mahali pa sukari kushikia na kuanza kuganda vibaya.

Kupika

Tia sukari, maji na ndimu kwenye sufuria, koroga mpaka sukari ilowe yote, kisha weka moto wa wastani. Unaweza kukoroga taratibu hadi sukari iyeyuke na maji yaanze kuchemka. Hapo weka mwiko chini na usiurudishe tena. Ukikoroga shira inayochemka, unazikusanya chembe za sukari na kuzigonganisha, zinashikana, na ndani ya muda mfupi sufuria nzima inakuwa mchanga mweupe. Wachina wana vitamu ambavyo hufanyiwa hivyo makusudi, karanga zikavikwa sukari ya chenga. Hiki si kimojawapo.

Kwenye kuta za sufuria kutabaki punje zilizorukia. Funika sufuria kwa dakika mbili tu mwanzoni mwa kuchemka, mvuke utaziosha na kuzirudisha chini. Kisha funua, kwani sasa tunataka maji yatoke.

Kwa anayetumia mkaa, punguza makaa kabla ya kuanza. Moto wa mkaa hauna kitufe, na sufuria nyembamba ya bati huunguza ukingoni wakati katikati bado ni maji.

Sasa tazama mapovu, ndiyo yatakayokueleza. Mwanzoni ni makubwa, yanapasuka haraka, na mvuke ni mwingi. Joto linapanda kidogo juu ya 100 na kukaa hapo muda mrefu, kwa kuwa moto wote unatumika kufukuza maji. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kuongeza moto. Usiongeze. Baada ya muda mapovu yanakuwa madogo, yanabanana, yanapasuka kwa uzito, mvuke unapungua, na shira inaonekana nene ukiinamisha sufuria. Kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio: kutoka nyuzi 130 hadi 150 ni dakika chache tu. Usijibu simu.

Lengo ni kati ya nyuzi 149 na 154 za Selsiasi. Kwenye joto hilo maji yaliyobaki ni kama asilimia 1 tu, na sukari ikipoa inakuwa ngumu na ya kuvunjika. Kwenye 135 au 140 itaganda pia, nawe utadhani umefaulu, mpaka uitafune. Ikivuka 160 inaanza kuwa ya kahawia, na muda si mrefu inakuwa chungu.

Kama una kipimajoto cha jikoni, kipime kwanza chenyewe: kichovye katika maji yanayotokota, usome. Dar au Mombasa kitasoma 100 hivi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tofauti hiyo iondoe kwenye lengo lako pia. Mtu wa Nairobi anayesubiri 150 atakuwa amepitiliza. Kwake 144 inatosha. Njia hii pia inakuonyesha kama kipimajoto chako kinadanganya.

Asiye na kipimajoto hajapungukiwa kitu. Chukua shira kidogo kwa ncha ya kijiti, idondoshe kwenye bakuli la maji ya barafu, hesabu hadi tano, itoe. Ikiwa laini na inafinyangika, endelea kupika. Ikiwa uzi mgumu lakini unapinda kabla ya kukatika, bado. Ikikatika yenyewe kwa mlio mkavu, itie mdomoni na uitafune kwa magego: ikivunjika vipande na isiache kitu menoni, zima moto sekunde hiyo. Rangi wakati huo, kwa sukari nyeupe, ni ya majani makavu hafifu sana, au haipo kabisa. Kila unapopima, punguza moto, maana sukari haisimami kukungoja.

Epua, kalisha sufuria kwenye kile kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache ili kitako kiache kuipika, na uanze.

Kuchovya

Inamisha sufuria ili shira ikusanyike upande mmoja. Shika kijiti, kilaze, na ukizungushe mara moja tu juu ya uso wa shira. Usizamishe. Ukizamisha na kukaa, unapata gamba nene la kuvunja jino, na tunda linaanza kupikika. Nyanyua, acha matone yadondoke huku ukizungusha, kisha laza kwenye sinia.

Wauzaji wa Beijing hawalazi taratibu. Wanakipiga kijiti kwenye jiwe bapa au ubao uliolowa, kisha wanakivuta kidogo kuja kwao, na ile shira ya ziada inatambaa mbele ya tunda la juu ikawa kipande bapa, chembamba, kinachopitisha mwanga. Watoto huanza kula hapo. Nyumbani unaweza kuiga kwa sinia la chuma lililopakwa mafuta, ila fanya hivyo kwa kijiti cha mwisho mwisho, mkono ukishazoea, na pasiwe na mtu mbele yako.

Shira ikianza kuwa nzito kabla hujamaliza, rudisha kwenye moto mdogo sana bila kukoroga. Unaweza kufanya hivyo mara moja, labda mbili. Zaidi ya hapo inabadilika rangi au inarudi chenga. Ndiyo maana nashauri upike kidogo kidogo. Ukitaka ufuta, nyunyiza mara tu baada ya kuchovya, kabla ya kupumua mara mbili.

Gamba linakauka ndani ya dakika moja au mbili. Ligonge kwa ukucha: likilia, tayari.

Kuhusu kuungua

Sukari ya nyuzi 150 ni mbaya kuliko maji yanayochemka, kwa joto lake na kwa kuwa inang'ang'ania ngozi huku ikiendelea kuunguza. Watoto wadogo wasiwe jikoni wakati wa kuchovya, hata wakililia kusaidia. Wape kazi ya kufuta matunda. Zile video za kuyeyusha sukari kwenye maikrowevu ndani ya kikombe cha plastiki au karatasi, usizifuate: joto halilingani ndani ya kikombe, na kikombe chenyewe kinaweza kulainika mkononi.

Ikikudondokea, peleka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Vua pete na bangili upesi kabla ya uvimbe. Sukari iliyoshika usiikwangue, maji yataiyeyusha. Dawa ya meno, mafuta, asali na unga havina kazi hapo, hata bibi akisisitiza. Likitoka lengelenge kubwa, au ni usoni au kiganjani, nenda hospitali.

Na mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe zabibu nzima kwenye kijiti, iwe na sukari au bila. Inaweza kumkaba.

Ikienda vibaya

Gamba linanata menoni: hukufikisha joto, hakuna sababu nyingine ya kutafuta, isipokuwa kama lilikuwa kavu likaanza kunata baadaye. Hapo ni hewa. Sukari iliyokauka hivi hunyonya unyevu, na siku za kaskazi, kwapa linapolowa saa mbili asubuhi, tanghulu ya pwani ina nusu saa ya uhai. Kipupwe kinakuwa na huruma zaidi. Friji haisaidii, ndani yake kuna unyevu. Friza inaweza kuishikilia kidogo zaidi, lakini ikitoka tu inatoa jasho. Hata Korea Kusini, tanghulu ilipowapagawisha vijana mwaka 2023, kulikuwa na maduka yaliyobandika matangazo ya kukataza kuingia nayo, kwa sababu ya vijiti na matone yanayonata sakafuni. Tengeneza zinazotosha waliopo, muile mkiwa mmesimama.

Shira imegeuka chenga ukiwa bado unapika: usiitupe. Ongeza maji nusu kikombe, iyeyushe yote upya, anza tena. Gamba linachubuka kwenye tunda: unyevu. Gamba lina mapovu madogo meupe ndani: umechovya shira ikiwa bado inatokota, ungeisubiri itulie sekunde kumi.

Shira iliyobaki usiimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba. Tupia karanga zilizokaangwa ndani ya sufuria, geuza mara moja, mwaga kwenye sinia lenye mafuta, na ikipoa ivunje vipande. Umepata kitu cha kesho, ukikifunga kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Sufuria usiisugue kwa chuma: ijaze maji, ichemshe, yote itatoka yenyewe. Kisha fagia sakafu vizuri, kwa sababu vipande vya gamba huruka mbali kuliko unavyodhani, na sisimizi watakuwa wameshapeana habari.